Mtoto wa mgeni aanze shule kwa lugha ipi?

Mwaka niliofundisha darasa la awali wilayani Bahi, mkoani Dodoma, nilipokea mtoto wa Kibarbaig ambaye muhula mzima hakunijibu neno hata moja. Familia yake ilikuwa imeingia kijijini na mifugo msimu ule. Alikaa mahali palepale kila siku, akinifuata kwa macho. Kwenye daftari langu la maendeleo nikamwandika kuwa ni mzito. Siku moja kaka yake wa darasa la tatu alikuja kumchukua mapema, akatukuta tunahesabu vizibo vya soda. Alimwambia kitu kwa lugha yao, na yule mtoto akavihesabu vyote, kumi na saba, bila kuruka hata kimoja. Nililifuta lile neno jioni ileile. Sijui ni wangapi kabla yake niliwaandika hivyo kwa sababu tu sikuwaelewa.

Naanza na huyu kwa kuwa elimu ya watoto wa wakimbizi na wahamiaji huzungumzwa nchini kama jambo la Kigoma, la makambi na mashirika. Huku Dodoma nako lipo. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa huu na watu 2,083,588; ya 2022 ikaukuta na 3,085,625. Wako waliozaliwa hapa, na wako waliohamia: watumishi walioifuata Serikali kuanzia 2016, mafundi, wachuuzi, wafugaji. Watoto wao wanakaa mkeka mmoja na watoto wa Kigogo, Kirangi na Kisandawe, ambao wengine nao Kiswahili wanakikuta shuleni. Mtoto wa miaka mitano hajui kama yeye ni mkimbizi, mhamiaji au mzawa. Anachojua ni kama maneno ya mwalimu yanamwingia au hayamwingii.

Ubishi wenyewe uko hivi. Wapo wanaosema mtoto wa mkimbizi asomeshwe kwa lugha na mtaala wa alikotoka, maana atarudi. Ndivyo ilivyokuwa ikifanyika katika kambi za Kigoma: Wakongo wa Nyarugusu wamekuwa wakifuata mtaala wa Kongo kwa Kifaransa, na Warundi wakifuata wa Burundi, ambao watoto wadogo huuanza kwa Kirundi. Wengine wanasema aingizwe moja kwa moja kwenye shule za nchi iliyompokea. Kenya na Uganda zimefuata njia hiyo, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi limekuwa likiipigia debe tangu mkakati wake wa elimu wa 2012.

Hoja ya kurudi si ya kubeza, na sisi wa kanda hii tuna ushahidi wake karibu. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi. Ndiyo tarehe tunayoadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika. Baadhi ya waliokimbia baada ya hapo walifika Tanzania, na ANC, chama chao cha ukombozi, ikapewa ardhi Mazimbu, Morogoro, ikajenga shule iliyoitwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Palikuwa na sekondari, shule ya msingi na malezi ya watoto wadogo kabisa. Hawakuwapa watoto wao mtaala wa Tanzania. Waliwaandalia elimu ya Afrika Kusini waliyotaka kwenda kuijenga. Wakarudi kweli. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa Serikali yetu, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Ushahidi wa pili unauma zaidi. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na watoto wao wakasoma kwa Kiswahili kwenye mtaala wetu. Baadhi ya familia ziliporejea Burundi miaka ya 2000, watoto waliozaliwa Tanzania walikuta darasa la Kirundi na Kifaransa. Waliokuwa wanafanya vizuri huku wakageuka wajinga kule, tena katika nchi waliyokuwa wakiambiwa kila siku kuwa ni kwao. Mzazi Mrundi wa kambini anayesisitiza Kirundi ana sababu, hasa kwa kuwa zaidi ya Warundi laki moja wamerejea tangu 2017.

Lakini angalia waliobaki. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya Warundi 160,000 wa kundi lile la 1972 na vizazi vyao. Lilikuwa jambo kubwa, na sidhani lingewezekana kwa urahisi ule kama watoto wa Ulyankulu wangekulia kwenye shule za peke yao. Walikuwa wameshakuwa majirani kabla ya karatasi kutoka. Ukikutana na mmoja wao sokoni Majengo, hakuna kitakachokuambia babu yake alivuka mpaka usiku.

Upande wa pili wapo wa Nyarugusu. Kambi ile ilifunguliwa 1996. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule sasa ni mtu mzima, pengine ana watoto wanaokaribia kumaliza shule ya msingi, nao wanasoma mtaala wa nchi ambayo hata baba yao hajaiona. Vizazi viwili vimeandaliwa kwa safari isiyofika. Hata Kongwa, hapa hapa mkoani, palipokuwa na kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika tangu 1964, wapiganaji waliondoka, na baadhi ya watoto waliozaa na akina mama wa pale wakabaki. Hao walikua kwa Kigogo na Kiswahili, na walichohitaji ni shule ya kijijini kwao.

Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998 yenyewe inasema kila mtoto mkimbizi ana haki ya elimu ya msingi kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya 1978, yaani ileile ya mtoto wa Kitanzania. Kilichofanyika kambini kimekwenda njia nyingine, na naamini ni makosa. Kupanga masomo ya mtoto kwa ratiba ya kurudi ni kumpangia kwa tarehe ambayo hakuna anayeijua, ilhali miaka yake mitano hadi minane haisubiri mazungumzo ya amani.

Hata hivyo, ninapochagua Kiswahili simaanishi kumtupa mtoto humo kama jiwe mtoni. Watu husema watoto hushika lugha haraka. Hushika ya uwanjani. Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, alionyesha kuwa watoto wahamiaji huweza mazungumzo ya kawaida ndani ya miaka miwili hivi, lakini lugha ya darasani huwachukua mitano hadi saba kuwafikia wenzao. Kisha kuna jambo ambalo wabishi wa pande zote mbili hulipita: umbali wa lugha. Mtoto wa Kirundi anasema gatatu, kane, gatanu. Tatu, nne na tano zinamfikia kama binamu zake. Anayesema umwana (mtoto) na abana (watoto) ameshazoea nomino inayobadilika mwanzoni. Mbarbaig na Msandawe, ambao lugha zao si za Kibantu, hawana daraja hilo. Kuwaweka wote kwenye fungu moja la "wasiojua Kiswahili" ni kumwonea aliye mbali zaidi.

Nitajibiwa kuwa darasa la awali la Dodoma mjini lina lugha nane na mwalimu mmoja. Ni kweli, na ndiyo maana sidai kila lugha ipewe mwalimu na vitabu. Nadai mtu mmoja anayemwelewa mtoto katika wiki za kwanza: mama wa jirani, kaka wa darasa la tatu. Jambo hili limeshajaribiwa. Mpango wa utayari wa shule chini ya EQUIP-Tanzania, mradi wa kuinua ubora wa elimu, katika mikoa ambayo Dodoma ilikuwemo, ulitumia wasaidizi kutoka jamii husika kuwatayarisha watoto kabla ya darasa la kwanza, kwa hadithi na michezo, wakiwafikiria hasa wale ambao Kiswahili si lugha ya nyumbani. Na kuna hatua isiyogharimu hata shilingi: kuacha kumchapa mtoto kwa kuongea kilugha. Nimeona hilo kwa macho, na nimeona pia mtoto akinyamaza kuanzia siku hiyo.

Fomu ya uandikishaji niliyokuwa nikiijaza ilikuwa na nafasi ya dini na kazi ya mzazi. Nafasi ya lugha ya nyumbani haikuwepo. Mwaka uliofuata nikaanza kumwuliza kila mzazi na kuiandika pembeni kwa kalamu. Nilipofunga orodha nilikuwa na watoto 61 na lugha sita, na kwa kila moja kati ya hizo sita nilikuwa nimeshajua ni nani hapo kijijini wa kumpigia simu.