Hatimaye Nimeruhusiwa Kudaiwa

Uingereza hii, jamani, mtu asiyedaiwa ndiye anayetiliwa shaka. Kwetu mwenye madeni ndiye anayepita vichochoroni ili mwenye duka asimwone. Huku ukisema hudaiwi na mtu, wanakukodolea macho: huyu katoka wapi, na mbona hatumjui?

Haya, nieleze. Tangu nifike nina akaunti ya msingi. Hii ni ile ambayo benki tisa kubwa zimebanwa na kanuni za mwaka 2015 zimfungulie mkaazi halali hata kama historia yake ya mikopo ni mbovu au haipo kabisa. Mshahara unaingia, kodi ya nyumba inatoka, kadi ninayo, mashine ya ukutani inanitambua. Ila haina kitabu cha hundi wala ovadrafti, yaani ruhusa ya kutumia zaidi ya kilichomo na kudaiwa na benki. Salio likifika sifuri, limefika. Lia utakavyo.

Sasa utaniuliza, kama mambo yanakwenda, ulitaka nini tena? Nilitaka heshima, basi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana akaunti kamili, na kila Jumapili akija kula lazima aitaje kabla ya wali kupoa. "Fikiria, shemeji, nina ruhusa ya kutumia pauni elfu moja ambazo sina!" Anatoa kifua kama mtu aliyerithi shamba la mikarafuu. Mke wangu anamtazama kaka yake, halafu ananitazama mie. Ule mtazamo wa pili ndio ulionipeleka benki.

Dada wa mapokezi akaniambia mambo ya kupandisha akaunti hufanywa kwenye programu ya simu. Nikamwambia programu ya simu ndiyo iliyonituma kwake. Akasema anaelewa. Huku watu wanaelewa sana, maana kuelewa hakuna gharama. Akanikalisha mbele ya kompyuta yake, akafungua fomu ileile iliyonishinda kwenye simu, tukaanza kuijaza wawili.

Mshahara kiasi gani? Sawa. Kodi? Sawa. Kwa mwezi unatumia kiasi gani kwa chakula? Hapo nikakwama. Chakula cha nani, changu au pamoja na cha shemeji? Nikamwuliza kama kuna kisanduku cha shemeji. Hakuna. Nikataja namba ya kukisia, akabonyeza, kompyuta ikafikiri muda usiotosha hata kupiga chafya, ikanikatalia.

"Historia yako haitoshi," akasema dada.

"Dada, mie sijawahi kumdhulumu mtu hata senti."

"Hilo ndilo tatizo. Hujakopa, kwa hiyo hatujui kama unalipa."

Kumbe ili nikopeshwe lazima niwe nimeshakopa, na ili niwe nimekopa lazima mtu awe ameshanikopesha. Nikamwuliza, yule binadamu wa kwanza kabisa kukopa benki, yeye alitokaje humo? Akasema anaelewa.

Kisha akanionya nisikimbilie benki ya jirani. Kila ombi kamili la mkopo huacha alama kwenye faili lako, na maombi yakifuatana harakaharaka wakopeshaji wanakuona una njaa. Faili! Kumbe ziko kampuni tatu nchini hapa za kutunza historia za mikopo ya watu, kila moja imenifungulia faili bila hata kuniambia shikamoo, na kila moja inanipa alama kwa kipimo chake. Kuliona faili ni haki ya mtu na ni bure, kwa hiyo niliyaomba yote. La kwanza linanijua vizuri. La pili limegeuza jina la babu yangu kuwa langu, na marehemu babu, Mungu amrehemu, hakuwahi hata kupanda ndege. La tatu linasema bado naishi nyumba niliyohama zamani. Mke wangu akataka kujua huyo anayeishi kule anaishi na nani.

Dawa yake, nikaambiwa, ni kujiandikisha kwenye daftari la wapiga kura, maana ndimo wakopeshaji wanamohakiki jina na anwani yako. Hapa nilicheka. Mtanzania kama mie, kwa kuwa nchi yetu imo Jumuiya ya Madola, akiwa na kibali cha kuishi hapa anaruhusiwa kupiga kura, tena hata ya wabunge. Wenzangu wamejiandikisha wabadilishe serikali, mie nimejiandikisha ili kompyuta ijue ninapolala. Mgombea mmoja alinibishia hodi, akaniuliza ni jambo gani linaninyima usingizi katika uchaguzi huu. Nilitaka kumwambia ni ovadrafti, nikamwonea huruma, mvua ilikuwa inamnyea.

Halafu nikachukua simu ya mkataba. Simu ambayo ningeweza kuilipia taslimu siku ileile, naikatia kidogokidogo kila mwezi, tena jumla yake ghali zaidi, ili tu faili lipate kuona ninalipa. Mzee wangu alitulea kwa maneno ya kukopa harusi, kulipa matanga. Mie nimefika kwenye matanga na harusi yenyewe sijaiona.

Basi siku ya siku ujumbe ukaingia: Hongera! Namba ya akaunti ileile, kadi rangi mpya, na ovadrafti ya pauni mia mbili. Mia mbili! Mbele ya elfu ya shemeji ninyanyue uso vipi? Na riba karibu asilimia 40 kwa mwaka, yaani pauni mia ukiikalia mwezi mzima inazaa kama pauni tatu. Zamani benki zilikuwa zikitoza ada ya kila siku, mpaka FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha huku, ilipopiga marufuku mwezi wa Aprili 2020, ikaamuru riba iwe moja ya mwaka ili wateja waweze kulinganisha. Nimelinganisha. Benki nyingi zimejipanga hapohapo karibu na 40, kila mmoja kamshika mwenzake mkono.

Na hili la malipo yanayojikata yenyewe kila mwezi ndilo linaloniuma. Kwenye akaunti yangu ya msingi, malipo yakirudi kwa kukosa pesa, benki haikunitoza kitu. Akaunti kamili nyingine zinatoza. Kwa hiyo mie nimehangaika, nimepiga kura, nimenunua simu kwa bei ya juu, ili nipate haki ya kupigwa faini ambayo mwanzo nilisamehewa.

Kitabu cha hundi nacho kimefika kwa posta. Kizuri, kinang'aa. Tatizo ni kumpata wa kumwandikia, maana dukani ukitoa hundi kijana wa kaunta anamwita meneja.

Jumapili shemeji alikuja. Nilikiweka kitabu mezani karibu na bakuli la mchuzi, asikose kukiona. Akakiona. Akanyamaza kwa muda, akavuta kiti karibu, akashusha sauti mke wangu asisikie.

"Shemeji, ile elfu yangu ilikwisha zamani. Hebu nifae na hiyo mia mbili yako mpaka mwisho wa mwezi."

Nikatafuta kalamu.

"Hakuna shida, shemeji, tujaze fomu kwanza. Kwa mwezi unatumia kiasi gani kwa chakula?"