Ushairi na barafu ya ncha za dunia: nani aisemee?

Mshairi wa Kiingereza Samuel Taylor Coleridge alipochapisha shairi lake refu la baharia mzee mwaka 1798, hakuwa amewahi kufika kwenye bahari za kusini, na wavumbuzi walikuwa bado hawajaliona bara la Antaktika, kwenye ncha ya kusini ya dunia. Hilo lilikuja kutokea mwaka 1820. Hata hivyo, barafu ya kusini inayosimuliwa katika shairi hilo inapasuka, inanguruma na kulia kama mnyama, na barafu ya kweli ndivyo ilivyo: ina kelele. Mfano huu unanizuia kuikubali upesi hoja kwamba asiyeishi kwenye ncha za dunia hana haki ya kuzitungia mashairi.

Hoja hiyo ina uzito lakini. Kwa muda mrefu wageni wameigeuza barafu kuwa karatasi tupu ya kuandikia hofu na ushujaa wao, na katika tungo hizo Aktiki, yaani eneo la ncha ya kaskazini, huonekana haina mwenyewe. Kumbe Wainuit, wenyeji wa Aktiki, walikuwapo, na walikuwa wakitunga. Orpingalik, mtunzi wa jamii ya Netsilik aliyekutana na msafiri Knud Rasmussen katika safari yake ya mwaka 1921 hadi 1924, aliuita wimbo wake mmoja pumzi yake, kwa kuwa kuimba kwake kulikuwa na umuhimu sawa na kuvuta hewa. Aliutunga akiwa amedhoofishwa na maradhi, akikumbuka mawindo ya siku alizokuwa na nguvu. Humo barafu ni mahali pa kazi na riziki. Tena, kwenye baridi kali pumzi huonekana kwa macho: hutoka kinywani kama ukungu, ikaganda kwenye manyoya ya kofia. Ajuaye hivyo hatalisoma neno hilo kama pambo la lugha.

Ugumu uko Antaktika, isiyo na wenyeji. Tukishika kanuni ya mzawa pekee, bara hilo litabaki bila msemaji, ilhali barafu yake ikiyeyuka, maji hupanda kwenye pwani za watu wasiowahi kuiona. Je, mtu ambaye bahari inakula ardhi yake ni mgeni wa barafu kweli?

Mwaka 2018 Kathy Jetñil-Kijiner, mshairi wa Visiwa vya Marshall katika Bahari ya Pasifiki, na Aka Niviâna, mshairi wa Kiinuit wa Greenland, walisimama juu ya barafu ya Greenland wakaghani shairi moja kwa kupokezana, mmoja akiwa amekuja na makombe ya baharini ya kwao, mwenzake na mawe. Kwangu utunzi huu unaupita ule wa Coleridge, kwa sababu wawili hawa wanaitana dada, na maji yanayotiririka chini ya miguu ya mmoja ndiyo yanayopanda kwenye ufuo wa mwingine.