Vitabu Nilivyosikiliza Nikiwa Kwenye Cherehani

Januari ni mwezi wetu mafundi cherehani. Shule zikikaribia kufunguliwa, kila mzazi hapa Ngamiani, Tanga, anagundua siku moja kwamba sketi ya mtoto imekuwa fupi, nami hukaa kwenye mashine toka asubuhi hadi usiku nikipiga marinda ya sketi za bluu. Mikono ina kazi, macho yana kazi, masikio hayana. Ndivyo nilivyoingia kwenye vitabu vya sauti, na huu ni mwaka wa tano. Hedifoni naweka sikio moja. La pili nawaachia wateja.

Januari hii nilikuwa na Born a Crime cha Trevor Noah, mchekeshaji wa Afrika Kusini, anachokisoma mwenyewe. Kinaanza na Jumapili moja ya Johannesburg. Mama yake, mtu wa dini kwelikweli, huwapeleka wanawe makanisa matatu kwa siku moja. Gari lao limeharibika, wanapanda kibasi cha abiria, dereva Mzulu anaanza kumtisha mama ambaye ni Mxhosa, na mama anamsukuma Trevor, mtoto wa miaka 9, nje ya gari likiwa linakwenda, kisha anaruka yeye na kitoto kichanga kifuani. Nilisimamisha mashine. Kilichonisimamisha ni sauti ya yule mama kuliko tukio lenyewe. Noah anamwigiza kama mtu aliyemsikia kila siku ya maisha yake, anapogomba, anapomwomba Mungu, anapocheka hatari ikishapita. Maneno ya Kixhosa na Kizulu ambayo kwenye karatasi ningeyaruka, hapa yanakuja na vidoko vyake vya ulimi, nawe unaelewa kwa nini mtoto huyu aliokolewa mara kadhaa na lugha: akimjibu mtu kwa lugha yake, yule mtu anaacha kutazama rangi ya ngozi.

Rangi ndiyo kesi ya kitabu chote. Sheria ya mwaka 1927 ilikataza Mzungu na Mwafrika kulala pamoja, na yeye alizaliwa 1984 kwa mama Mxhosa na baba Mswisi, kwa hiyo mwili wake ulikuwa ushahidi wa kosa. Ningekisoma kwa macho ningelipata hilo. Lakini kitabu kinachosema kwamba lugha ndiyo iliyomlea mtu, ni haki kisikike.

Ndiyo imani yangu baada ya miaka hii mitano: kitabu cha sauti kinaandikwa mara mbili, na mwandishi wa pili ni yule anayekisoma. Ninapomshauri mtu kitabu siku hizi, namtajia kwanza msomaji.

Wengi hudhani mwenye kitabu ndiye msomaji bora siku zote. Michelle Obama anawaunga mkono kwenye Becoming, saa kumi na tisa za sauti yake mwenyewe. Sehemu ya Chicago ndiyo niliyoirudia. Anajifunzia piano kwa shangazi mkubwa wa familia, piano kuukuu ambayo kitufe cha katikati kilikuwa kimemeguka, na meguko lile ndilo lililomwonyesha mahali pa kuanzia. Siku ya maonyesho anakalishwa mbele ya piano nzima, isiyo na kasoro hata moja, na hajui aweke wapi kidole. Anavyolisoma, taratibu, bila kujionea huruma, nilimkumbuka mwanagenzi wangu wa kwanza aliyezoea cherehani yangu ya miguu kisha akaajiriwa kwenye mashine za umeme. Sehemu za Ikulu hazikunishika hivyo. Pale sauti inakuwa ya mtu anayejua kwamba dunia nzima inamsikiliza, na anachagua maneno kwa uangalifu mno.

Toni Morrison ni habari nyingine. Beloved anaisoma mwenyewe kwa sauti ya chini, karibu ya kunong'ona, kama mtu anayeongea usiku na hataki kuamsha watoto. Mara ya kwanza nilishindwa. Nilikuwa naweka zipu, na zipu iliyofichwa haitaki mchezo. Nilipomaliza nikakuta nimepoteza sura nzima. Riwaya hii ya 1987 imetokana na kisa cha kweli cha Margaret Garner, mtumwa aliyetoroka Kentucky mwaka 1856 na, alipofikiwa na waliokuja kumrudisha, akamuua binti yake asirudishwe utumwani. Morrison hakuweka tukio hilo mwanzoni. Analizunguka, analikaribia, analiacha, na sauti ile ya chini inafanya kazi hiyohiyo ya kukaribia na kurudi nyuma. Kwa hiyo sasa nasema hivi kwa anayetaka kuisikiliza: zima mashine. Lala chali. Kuna vitabu vya mikono ikiwa na kazi, na kuna vitabu vinavyokudai mwili mzima.

Nikimtaka msomaji wa kazi, yaani mwigizaji aliyesomea, namtaka Adjoa Andoh anavyoisoma Americanah ya Chimamanda Ngozi Adichie. Riwaya ilitoka 2013. Inaanza na Ifemelu, Mnigeria anayeishi Marekani, akiondoka Princeton kwenda mji mwingine kusukwa, maana pale hakuna anayesuka nywele zake, na muda mwingi tunamkuta kwenye kiti cha saluni ya wasusi kutoka Afrika Magharibi, joto, feni, simu zinalia, kila mtu anauliza kila mtu ametoka wapi. Mimi nimekulia kwenye vyumba kama hivyo, na nilijua kila pumzi yake. Andoh ana sauti ya Lagos, ya Mmarekani wa chuo, ya Mwingereza, na hazigongani.

Lakini kilichonifanya nimheshimu ni mahali pamoja. Ifemelu amejifunza kuongea kama Mmarekani. Siku moja mtu wa mauzo kwenye simu anamsifu kwamba anasikika Mmarekani kabisa, naye akishakata simu anajiuliza ni sifa ya nini hiyo, na anaamua kurudia lafudhi yake. Kwenye karatasi ni uamuzi. Masikioni ni jambo linalotokea: unaingoja ile sauti ya nyumbani irudi, na ikirudi unashusha mabega.

Ipo pia riwaya niliyoshindana nayo kwa njia tofauti, Lincoln in the Bardo ya George Saunders. Waliikusanyia wasomaji 166, kwa sababu inasimuliwa na wafu wa makaburi usiku ambao Rais Lincoln anakwenda kumtazama mwanawe Willie, aliyefariki Februari 1862 akiwa na miaka 11. Sauti zinapokezana kila baada ya sentensi chache, na katikati zinasomwa nukuu za vitabu vya historia. Kwenye kelele za mashine nilipotea ndani ya dakika kumi. Nikairudia usiku, taa imezimwa, na ndipo nikaona wamefanya nini: umati wa watu waliokufa, kila mmoja anataka asikilizwe yeye kwanza, na baba mmoja aliye hai hasikii hata mmoja wao. Sidhani kama jicho peke yake lingenipa huo msongamano.

Vitabu vya hoja na maarifa ndivyo ninavyovionea mashaka. Sapiens cha Yuval Noah Harari, historia ya binadamu, kwa usomaji wa Derek Perkins, kinateleza vizuri mno. Miaka elfu sabini inapita huku unakata kola. Anasema kilimo kilimletea binadamu wa kawaida maisha magumu zaidi kuliko ya kuwinda na kuokota, nami nikatikisa kichwa kukubali, kisha jioni, nikipika, nikajiuliza: amenipa ushahidi gani hasa? Sikukumbuka. Nilikuwa nimekubaliana na utulivu wa msomaji. Kitabu cha namna hiyo kinataka penseli, kinataka kidole kinachorudi ukurasa wa nyuma, na sauti inayoendelea mbele haikupi nafasi ya kubisha. Sasa vitabu vya hoja nasikiliza mara ya kwanza, na kikinigusa nakitafuta cha karatasi. Vile vya kufundisha watu kutajirika nimeviacha kabisa. Sura moja inatosha kukueleza zilizobaki.

Na ile tabia ya kuongeza kasi, watu wanasikiliza riwaya kwa mwendo wa mara mbili ili wamalize vingi, naipinga. Msomaji mzuri amepima pale pa kuvuta pumzi kama fundi anavyopima pindo. Ukimkimbiza, umelikata.

Kero yangu kubwa ilitokea kwenye riwaya moja ya pwani yetu iliyoandikwa kwa Kiingereza. Msomaji alikuwa hodari, lakini majina yetu yote aliyakanyaga. Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Kanuni hiyo mtu anafundishwa kwa dakika moja akanywe chai. Bagamoyo, mkazo uko kwenye *mo*. Kilwa, kwenye *ki*. Maneno yanayokwenda kinyume ni machache, na hayo nayo yana maana yake: barabara ya magari na kazi iliyofanywa barabara hutenganishwa na mkazo tu. Kila yule bwana alipotaja mji wetu nilihisi mtu ameingia ndani na viatu. Waliomwajiri hawakuona haja ya kumuuliza Mswahili hata mmoja, na Waswahili tuko wengi, tunapatikana kwa simu.

Kuna wanaoniambia kusikiliza si kusoma. Mteja wangu mmoja, mwalimu, alinishikia hilo bango huku nampima kiuno. Nikamuuliza: dada, kwenye maulidi Barzanji anasoma nani? Anasoma mmoja, wengine mnasikiliza na kuitikia, na ukirudi nyumbani unasema umetoka kisomoni. Kanisani nako somo husomwa na mtu mmoja mbele, na hakuna asemaye kwamba waliokaa kwenye mabenchi hawakupata neno. Lugha yetu yenyewe imeshaamua kwamba kinachosomwa kwa sauti ni kisomo cha wote waliopo. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utenzi wa wasia mwaka 1858, aliutunga kwa mizani na vina ili ukae masikioni, na mpaka leo wapo wanaoughani bila kuwa na karatasi mkononi.

Na hivi vitabu vya sauti vyenyewe, huko Uingereza vilianza 1935 kwa ajili ya wasioona, wakiwemo askari waliopoteza macho kwenye vita vya kwanza vya dunia. Upande mmoja wa santuri ulibeba dakika 25 hivi, na riwaya moja ilijaza santuri kumi. Miongoni mwa za mwanzo kabisa ilikuwa riwaya ya upelelezi ya Agatha Christie. Nani angemwambia yule askari kwamba hakusoma?

Sisi tuliokua na Radio Tanzania tunaukumbuka Mama na Mwana, sauti ya Debora Mwenda, nyumba nzima imenyamaza. Leo simulizi za Kiswahili zimejaa YouTube, na wasikilizaji wake hawahesabiki. Nazisikia zikitoka kwenye maduka, bajaji, hata kwa kinyozi wa jirani. Kuna vijana wana sauti za kuajabia. Ninachowaomba ni viwili. Muziki upunguzwe, maana mara nyingi unamfunika msimuliaji pale hasa anaponong'ona. Na jina la aliyetunga litajwe, mwanzoni, kwa heshima, na alipwe. Kisha wapelekewe riwaya zetu kubwa, kwa idhini za wenyewe. Natamani kusikia Kuli ya Shafi Adam Shafi, ile ya 1979 juu ya Rashidi na makuli wenzake wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948, isomwe na mtu wa Unguja. Sauti ya bara haitaweza. Mazungumzo yale yana chumvi yake, na msomaji asiyeijua atayasoma sahihi na yatakuwa chapwa.

Naijua habari hiyo kwa sababu nimeijaribu. Mama yangu ni mtu wa Unguja, aliolewa Tanga, na alikuwa msomaji hasa mpaka mtoto wa jicho alipomzibia. Tangu mwezi wa tatu namsomea Kuli kwa kuirekodi kwenye simu, usiku, mashine imezimwa na feni imezimwa maana inavuma. Nikishona kesho yake, yeye yuko kibarazani anachambua mchele na simu iko kwenye ungo, anasikiliza. Juzi aliniita. Nilidhani chaji imekwisha.

"Mwanangu, hapa kwa Rashidi unakimbilia wapi? Na hilo neno hatulisemi hivyo. Sikiliza."

Akalisema, mara mbili. Usiku ule niliifuta sura nzima nikaisoma upya.