Idi Mbili, Mfuko Mmoja

Nyumba yangu ina vyumba vitatu, na Idi el-Fitri huingia humo mara mbili karibu kila mwaka, kwa sababu kaka yangu mkubwa anayekaa chumba cha uani hufungua pindi mwezi unapoonekana popote duniani, mke wangu husubiri tangazo la Mufti redioni, na mimi, ambaye hakuna aliyewahi kuniuliza kauli yangu, hununua mchele wa siku zote mbili. Hata kalenda ya ukutani imenawa mikono, kwani chini ya sikukuu hiyo imeandikwa kwa herufi ndogo kwamba itategemea kuandama kwa mwezi. Bosi wangu akiniuliza nataka ruhusa siku gani, hujibu kwamba nitamwarifu usiku, naye hunitazama kama mtu anayetafuta kisingizio cha kwenda ngomani.

Mwaka huu nilifanya kosa la kutaja hesabu barazani. Nilisema kwa adabu kabisa kwamba mwezi una mwendo unaojulikana, kwamba kutoka mwandamo hadi mwandamo ni wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44, na kwamba wapo Waislamu, kama wale wa Uturuki, wanaopanga miezi yao kwa hesabu. Mzee jirani yetu, ambaye humwamkia shikamoo hata nikiwa nimeudhika, aliweka chini tasbihi yake na kuniambia kwamba dini haiendi kwa kompyuta, mwanangu, na kwamba tumeamriwa kufunga kwa kuuona na kufungua kwa kuuona. Hoja nzito, siibezi. Kisha simu ikalia adhana mfukoni mwake, akaitoa, akasoma kwamba Alasiri imeingia, akanyanyuka kwenda kutawadha. Hakutazama jua, hakutazama kivuli, wala hakumuuliza aliyeitengenezea simu ile hesabu hizo alisoma wapi.

Jambo hilo lilinikosesha usingizi, na siku ya pili nikaamua kuisali Alasiri kama walivyoisali wa kale, yaani kwa kivuli. Nilichukua mchi wa mke wangu nikausimika uani, nikapima kivuli chake adhuhuri kilipokuwa kifupi kabisa, nikaweka alama kwa kokoto, kisha nikakaa na futikamba ya fundi cherehani nikingoja kivuli kirefuke kwa kiasi cha mchi wenyewe. Nilikaa juani nimefunga, koo limekauka, nikihama na kokoto zangu kama mtoto anayecheza bao peke yake. Ilipobaki kama shubiri moja, mke wangu alitoka jikoni akang'oa mchi.

"Baba Rukia, kisamvu cha futari nitatwangia kivuli?"

Nilipokuwa bado nakusanya maneno ya kumjibu, adhana ikalia msikitini, kwa ile saa ya ukutani yenye tarakimu nyekundu ambayo hakuna mtu aliyewahi kuigombania.

Wala yule mzee si adui wa wanaastronomia. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa likabaki mfano wa pete kule Rujewa, wilayani Mbarali, na huku kwetu Tanga likamegwa kipande, alikuwa wa kwanza kuketi uwanjani na kioo cheusi alichoazima kwa fundi wa kuchomelea vyuma, na akalalamika kwamba jua limechelewa dakika mbili, kumbe ni saa yake iliyokuwa mbele. Tulisali sala ya kupatwa, na imamu akatukumbusha kwamba jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahimu, mwana wa Mtume, watu walidhani ni kwa ajili ya msiba huo, naye Mtume mwenyewe, katikati ya majonzi yake, akawakataza, akasema jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. Ila kilicholimega jua siku ile ni mwezi, tena ni huu huu tunaovunjiana vikombe kwa ajili yake, na wakati wa kupita kwake ulitangazwa mapema, na hakuna aliyeukataa.

Msidhani upande wa pili una nafuu. Mpwa wangu wa kidato cha nne huitumia sayansi kama hirizi. Yeye akisoma kwamba mwezi unazaliwa leo, hutangaza Idi kesho, hataki kusikia kwamba mwezi uliozaliwa punde uko karibu mno na jua kiasi kwamba hauonekani hata ukipanda mnazi, na kwamba wanaastronomia wenyewe hukadiria saa nyingi zipite kabla jicho halijaambulia kitu. Nilipomuuliza saa ngapi, alinijibu kwamba sayansi imethibitisha.

Basi jioni ya siku ya 29 ya Ramadhani tulipanda wote juu ya paa la jirani. Mawingu yalikuwa yametanda magharibi kama mgomba uliolala, na binti yangu Rukia akapiga kelele kwamba ameuona, mwembamba, mwekundu. Mzee alishika moyo, mpwa wangu akasema si mlisikia, kaka akaanza takbiri, nami nikafuata kidole cha mtoto hadi kwenye taa ya mnara wa simu.

Tukashuka. Kaka akapigiwa simu kwamba umeonekana nchi fulani, redio ikasema tungoje taarifa, fundi cherehani akanitumia ujumbe akiuliza kanzu ni ya kesho au ya kesho kutwa, na umeme ukakatika nyama ya mbuzi ikiwa kwenye friji. Mke wangu akasimama mlangoni na kibatari, akiuliza apike daku au pilau. Nikamwambia aroweke mchele kwanza.