Darubini ya alfajiri: nunua mwanga, wacha kununua namba

Karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza anunue darubini gani ya kuonea wanyama, na swali la kwanza huwa ni lile lile, "inavuta mara ngapi?" Siku hizi wengine wananiuliza hata darubini za bunduki, maana wana ndugu Namibia ama Tanzania, ambako uwindaji wa kulipia unaruhusiwa. Huku kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977 na mi naona serikali ilifanya vizuri kabisa, sina maneno mengi hapo. Lakini iwe ni ya kufunga kwenye bunduki ama ya kuning'iniza shingoni, shida ni ile ile: mnyama unayemtaka anatembea wakati mwanga ni kidogo, na wakati huo kuvuta sana ndo kunakuharibia.

Yangu ya kwanza niliitoa duka moja tao. Ilikuwa 20x50, lenzi nyekundu inang'aa kama taa ya breki, na jamaa wa kuuza akanishikia bega akaniambia, "Bosi, hii ni ya jeshi, hii inaona usiku." Kwa boksi kulikuwa kumeandikwa hivyo hivyo, ya usiku. Nikalipa elfu nne na mia tano na nikatoka hapo nikiwa na furaha sana.

Sasa sikia kilichotokea. Julai, ile baridi yetu ya mawingu, nikaingia Nairobi National Park na rafiki yangu mmoja ambaye kazi yake ni kuendesha watalii, na tuliingia geti likifunguliwa tu, saa 12 asubuhi, jua bado halijatoka. Ile park ni kilomita 117 za mraba peke yake lakini wakati huo wa asubuhi unaiona kubwa kama nchi. Mbele yetu, labda mita mia mbili hivi, kulikuwa na kitu cheusi kwenye nyasi. Nikainua yangu. Nikaona rangi ya kijivu inatetemeka, nikishusha pumzi inapanda, nikibana pumzi inarukaruka na moyo, nikasema hicho ni kichaka. Rafiki yangu akainua yake, 8x42, imechubuka rangi pembeni kwa kugonga dashibodi miaka yote, akaangalia kama sekunde tatu akasema, "Ni kifaru, na ana mtoto nyuma yake." Akanipatia. Kweli nikaona masikio, moja limegeuka mbele na lingine nyuma, halafu chini yake kiumbe kidogo kimejibanza kwenye paja la mama. Na mi ndo nilikuwa na ile inayovuta mara 20, yeye mara 8!

Hesabu yake ni rahisi na sijui kwa nini maduka hayaielezi. Namba ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, ya kwanza ni mara inavyovuta. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, na hapo unapata upana wa mwanga unaotoka nyuma kuingia kwa jicho lako. 8x42 inakupa milimita 5.25. 20x50 inakupa 2.5. Ukihesabu eneo la hivyo viduara viwili, kile cha kwanza ni kikubwa zaidi ya mara nne. Ndo maana mwenzangu aliona masikio na mi nikaona kichaka, hakuna uchawi.

Na mboni ya jicho ndo inaamua kama mwanga huo utatumika ama utapotea. Mchana wa jua kali mboni inajibana hadi milimita 2 ama 3, kwa hivyo mchana ile yangu ilikuwa inaonekana sawa tu, sikuwa na lalamiko. Gizani mboni ya kijana inafunguka hadi karibu milimita 7. Kwa wazee inapungua, wengi wanabaki na 5 hivi, na hii ni muhimu kama unamnunulia mzee wako zawadi: usimbebeshe 7x50 ya kilo nzima ikitoa milimita 7 za mwanga wakati jicho lake linapokea 5, utakuwa umemnunulia uzito wa shingo.

Kutoka hapo utaelewa kwa nini mi nakataa kabisa mtu kuchagua darubini ndani ya duka lenye taa nyeupe dari nzima. Pale mboni yako imejibana, zote zitaonekana safi, ya elfu nne na ya elfu arobaini. Nenda jioni. Omba ubebe mbili hadi mlangoni, saa 12 na nusu hivi, angalia ndani ya kona yenye giza, chini ya gari lililoegeshwa ama kwenye kibaraza cha jengo la ng'ambo, soma kibango chenye maandishi madogo. Dakika kumi baadaye soma tena. Moja itakufa mapema, utaiona ikifa. Muuzaji akikataa utoke nayo mlangoni, muachie duka lake, hiyo pesa ni yako.

Halafu hizo lenzi nyekundu. Hapa naomba mnisikilize kwa sababu watu wanaumizwa kila siku. Kioo kisichopakwa kitu kinarudisha kama asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso, na ndani ya darubini kuna nyuso nyingi, kwa hivyo mwanga unapotea njiani kidogo kidogo hadi unashangaa umeenda wapi. Ndo sababu ya ule upako mwembamba kwenye lenzi, kazi ambayo mwanafizikia Alexander Smakula aliifanya kwenye kampuni ya lenzi ya Zeiss, Ujerumani, mwaka wa 1935. Upako mzuri ukiutazama kwa pembe unaona rangi hafifu, kijani ama zambarau, na kioo kinaonekana cheusi, kama hakipo. Lakini kioo kinachokuangaza na nyekundu kali kinakutupia usoni mwanga ambao ulitakiwa kupita ndani uende kwa jicho. Kinatupa mwanga, na wanakuuzia ati ni cha usiku!

Kitu kingine fanya ukiwa hapo: shika darubini mbali na uso, mkono umenyooka, ielekeze kwa anga, uangalie kile kiduara cha mwanga kwenye lenzi ya jicho. Kinatakiwa kiwe mviringo kamili. Kikiwa kimekatwa pembe kama kisanduku chenye kingo za kijivu, prizimu za ndani, yaani vile vioo vinavyogeuza picha isimame sawa, ni za bei ya chini na mwanga wa pembeni unakatwa.

Kuna wale watakuambia kuna fomula ya mwanga hafifu, unazidisha namba mbili halafu unatafuta kipeuo cha pili. Ipo, ni kweli. Lakini jaribu nayo ile 20x50, utapata 31.6, na 8x42 utapata 18.3, ati yangu ilikuwa bora. Fomula haijui kama kioo ni kizuri, haijui kama mkono wako unatetemeka, haijui kifaru ana mtoto.

Kwa wale wa bunduki, binamu yangu yuko kwenye shamba moja la uwindaji huko Namibia na alinieleza kitu ambacho kinalingana na hesabu hii hii. Wajerumani, ambao wanawinda nguruwe mwitu usiku wakiwa wamekaa kwenye majukwaa juu, walizoea zamani 8x56. Gawanya: 7 kamili. Na wakiwa na zile za kubadilisha ukuzaji, giza likiingia wanashusha, hawapandishi. Akaniambia pia kuwa darubini yenye bomba nene la milimita 30 haiongezi mwanga vile watu wanadhani, inasaidia zaidi nafasi ya kurekebisha shabaha, na kama ule msalaba wa kulengea ulio ndani una taa basi uwe na uwezo wa kupunguzwa hadi karibu kuzima, la sivyo inakupofusha mwenyewe. Ila jambo alilosisitiza kuliko yote ni kwamba darubini ya bunduki si ya kutafutia. Ukiitumia kuangalia "ile ni nini pale" tayari umeshaelekeza mtutu kwa kitu usichokijua, na gizani kitu hicho kinaweza kuwa mtu.

Sisi wa hapa karibu na ikweta tuna shida yetu nyingine, jua linazama kama limekatwa kamba. Nairobi jua linatua kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro robo mwaka mzima, na baada ya hapo una kama dakika 20 za mwanga wa maana, basi. Usizipoteze na simu. Jicho linahitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na ukifungua WhatsApp mara moja unaanza upya. Mi naiweka simu kwenye droo ya gari, ikiwa imezimwa.

Mimi sasa natumia 8x42 ya mtumba, na ukiniuliza ndo hiyo nitakuambia. Ila kabla ya kulipa ya mtumba washa tochi upande mmoja uchungulie upande wa pili: ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, na hata mtu apunguze nusu bei usichukue. Yangu ilikuwa safi, na Agosti nilirudi nayo pale pale kwenye nyasi, saa 12 na dakika kumi na tano. Yule mtoto alikuwa ameanza kutangulia mbele ya mama.