Kazi ya Marehemu: Imaliziwe au Isiguswe?

Januari 1888, mjini Leipzig, Ujerumani, kijana wa miaka 27 aliongoza onyesho la kwanza la opera ya mtu aliyekuwa kaburini kwa miaka 61. Opera yenyewe ni Die drei Pintos, na marehemu ni mtunzi Carl Maria von Weber. Kijana ni Gustav Mahler, naye mtunzi na kondakta. Alikabidhiwa michoro ya nota na mjukuu wa marehemu, akaipanga, akaijazia muziki wa Weber aliouokota kwenye kazi zake nyingine, na palipobaki pengo akatunga mwenyewe. (Kazi ikiendelea akampenda mke wa huyo mjukuu, lakini hayo tuwaachie wa kijiweni.)

Naanzia hapo makusudi. Mahler naye alipofariki Vienna, tarehe 18 Mei 1911, aliacha simfonia yake ya kumi haijaisha. Wanaokataa isiguswe hadi leo hujiona wanamtetea yeye, ilhali mwenyewe alipopewa ya mwenzake hakusita hata kidogo.

Alichoacha ni nini hasa? Watu husikia "simfonia isiyokamilika" wakadhani ni vipande vipande. Sivyo. Kuna sehemu tano, na wimbo unakwenda bila kukatika kuanzia nota ya kwanza hadi ya mwisho. Sehemu ya kwanza, Adagio (yaani ya mwendo wa polepole), ameigawia vyombo vya okestra karibu yote. Ya pili iko kwenye rasimu. Ya tatu kaanza tu. Mbili za mwisho ziko katika mistari minne au mitano ya nota, na hapa na pale imebaki sauti moja peke yake, bila ya kuisindikiza. Kwa lugha ya fundi ujenzi, nyumba imefika kwenye lenta na ramani ipo. Mtu anaweza kupita mlango kwa mlango.

Mwaka 1924 mjane wake, Alma, aliichapisha rasimu hiyo kwa picha za mwandiko wenyewe. Mkwewe Ernst Krenek akazitayarisha sehemu mbili, ya kwanza na ya tatu, zikapigwa Vienna mwaka huohuo. Mtunzi Arnold Schoenberg aliombwa aimalizie yote, akakataa. Mtunzi mwingine, Dmitri Shostakovich, pia alikataa. Aliyethubutu ni Deryck Cooke, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi BBC, katika shughuli za kuadhimisha miaka 100 ya kuzaliwa kwa Mahler. Toleo lake, likiwa bado na mapengo, lilitangazwa redioni Desemba 1960. Alma akapiga marufuku. Mwaka 1963, akiwa New York, alisikilizishwa kanda, na marufuku ikaondolewa. Tarehe 13 Agosti 1964 London ikaisikia simfonia nzima, Berthold Goldschmidt akiongoza. Alma alifariki Desemba ya mwaka huo.

Sasa hoja za wanaokataa. Si za kupuuzwa, na wanaozitoa si watu wa mitaani. Bruno Walter, aliyekuwa msaidizi wa Mahler na ndiye aliyeongoza onyesho la kwanza la simfonia ya tisa mwaka 1912, alipinga. Leonard Bernstein, aliyemtangaza Mahler kuliko karibu kondakta yeyote wa zama zake, hakutaka kwenda mbali zaidi ya Adagio. Hoja yao kubwa ni kwamba kwa Mahler kugawa vyombo si kupaka rangi ukuta uliokwisha kusimama. Ndiko kutunga kwenyewe. Alikuwa akirekebisha kwenye mazoezi, akirekebisha baada ya onyesho, akirekebisha miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo hata zile kurasa alizoziandika kikamilifu huenda angezifumua. Cooke anatupa Mahler wa asubuhi moja ya mwaka 1910, alipokuwa akiiandika rasimu, asubuhi ambayo mwenyewe asingeiruhusu itoke nje ya chumba.

Hoja ya pili husemwa mara chache, nami ndiyo inayonigusa zaidi: sitara. Majira yale ya joto ya 1910, huko Toblach milimani, Mahler aligundua kwamba Alma ana uhusiano na msanifu majengo kijana, Walter Gropius. Mwezi Agosti alisafiri hadi Leiden kuonana na Sigmund Freud, daktari wa maradhi ya nafsi. Pembezoni mwa nota akaandika vilio. Anamlilia Mungu, anamlilia mkewe, na mwishoni kabisa: "Kuishi kwa ajili yako! Kufa kwa ajili yako! Almschi!" Ndivyo alivyomwita Alma kwa mapenzi. Sisi tumelelewa kumsitiri maiti. Mtu hafunuliwi kwa kuwa tu hawezi tena kujifunika. Lakini sitara hiyo ilivuliwa na mjane mwenyewe mwaka 1924, alipozipeleka zile kurasa kwa mchapishaji. Kumkasirikia Cooke miaka 36 baadaye ni kufunga zizi ng'ombe wameshatoka.

Upande wa pili unanivuta kwa sababu moja ambayo msomaji wa ushairi wa Kiswahili ataielewa upesi. Sisi tuna takhmisi. Sayyid Abdallah bin Nasir aliyachukua mashairi ya Liyongo, mtu wa zama za mbali, na kila mistari miwili ya Liyongo akaitangulizia mitatu yake. Hakuna anayemwita mwizi, kwa sababu ya Liyongo haikufutwa. Ipo palepale mwishoni mwa ubeti, na anayeijua kanuni anaona mshono ulipo. Cooke alifanya karibu vivyo hivyo. Hakudai kwamba ameikamilisha simfonia. Aliiita toleo la rasimu linaloweza kupigwa. Kitabu cha nota kilipochapishwa mwaka 1976, chini ya kurasa kikabeba rasimu ya Mahler kama ilivyo, ili anayetaka aone nota gani ni ya nani.

Kipimo hicho kikitumika kwingine, majibu hayafanani. Chukua mtunzi Mwingereza Edward Elgar. BBC ilimwagiza simfonia ya tatu mwaka 1932, akafariki Februari 1934, akiwa amemwambia rafiki yake Billy Reed kwamba asiachiwe mtu kuichezea. Mtu kakataa kwa mdomo wake, na wosia ni wosia. Hata hivyo mtunzi Anthony Payne aliijenga upya, na Februari 1998 ikapigwa London. Familia ilikubali kwa hesabu kavu: michoro mingi ilikwisha kutoka kwenye kitabu cha Reed cha mwaka 1936, na hakimiliki ingekwisha mwishoni mwa 2004, kisha yeyote angeweza kujaribu. Payne ni fundi mwaminifu, na kwenye jalada mchango wake umetajwa wazi. Lakini mwisho wa simfonia ile ni wake, kwani Elgar hakuacha kitu cha kumwonyesha njia. Napenda kuisikiliza, na kila mara najiuliza namsikiliza nani.

Mtunzi wa opera Giacomo Puccini ni tatizo la aina nyingine. Alifariki Brussels tarehe 29 Novemba 1924, opera yake Turandot ikiwa imekamilika hadi kifo cha kijakazi Liù. Mtunzi Franco Alfano akamalizia kwa kutumia michoro iliyobaki. Usiku wa kwanza, katika ukumbi wa opera wa La Scala, Milan, tarehe 25 Aprili 1926, kondakta Arturo Toscanini alisimamisha okestra hapo alipoishia maestro, akashusha fimbo. Ni kisa kinachopendwa, lakini kinaficha jambo. Sehemu ile ya mwisho ilikuwa imemsumbua Puccini muda mrefu kabla ugonjwa wa koo haujamzidi. Turandot, binti mfalme mwenye moyo wa barafu, anawezaje kuyeyuka kwa mapenzi, na mwili wa Liù haujapoa? Alfano alirithi swali, na mtunzi Luciano Berio aliyejaribu tena mwaka 2002 alirithi lilelile. Mahler aliacha jibu ambalo halijavishwa vyombo. Puccini hakuwa nalo jibu.

Na wapinzani nao hawana msimamo mmoja. Kondakta Pierre Boulez, kwa Mahler, alirekodi Adagio peke yake. Huyohuyo ndiye aliyeongoza Paris, Februari 1979, Lulu, opera ya Alban Berg, yenye tendo la tatu lililomaliziwa na Friedrich Cerha. Mjane wa Berg, Helene, alikuwa amekataza kabisa, tena tofauti na Alma hakulegea hadi alipofariki mwaka 1976. Mchapishaji alikuwa amekwisha kumpa Cerha kazi, naye mjane angali hai. Sasa kama katazo halikuwa kizuizi kwa Lulu, sioni kwa nini simfonia ambayo mjane aliiruhusu ifungiwe baada ya sehemu moja.

Tena kuicheza Adagio peke yake nako ni kuihariri kazi ya marehemu. Msikilizaji anakutana na ule mlio wa nota tisa kwa pamoja, tarumbeta ikishikilia nota moja kama mtu anayepiga ukelele. Kisha kimya cha mwisho, anakwenda nyumbani akiamini Mahler alikufa akiaga. Katika rasimu, mlio uleule unarudi kwenye sehemu ya tano, baada ya mapigo ya ngoma iliyofunikwa ambayo, kwa maelezo ya Alma, alikuwa ameyasikia New York kwenye mazishi ya mzima moto. Safari hii unapita. Muziki unatulia, unapanda polepole, na karibu na mstari wa mwisho kuna mruko mmoja mrefu wa kwenda juu, pale alipoandika jina la mkewe. Mruko huo Cooke hakuutunga. Uko kwenye mwandiko wa Mahler, na Cooke aliutafutia fidla za kuupiga.