Kabla ya kudai risiti ya baiskeli, igeuze uangalie fremu

Mwezi uliopita kwenye mkutano wa mtaa wetu hapa Mbeya, wizi wa baiskeli ulikula muda kuliko ajenda ya maji. Mama mmoja anayeuza mboga Soweto alisimama akasema ameibiwa ya tatu sasa, na machozi yalimlenga. Pendekezo lililopigiwa makofi ni kwamba wauza mtumba na washika bondi wote, yaani wanaokopesha hela kwa kushikilia mali kama rehani, wakatazwe kupokea baiskeli isiyo na risiti. Hasira ya wale watu ni ya haki kabisa. Dawa yao ndiyo inayonitia shaka.

Upande wao una uzito. Anayeiba baiskeli usiku mara nyingi haibi ili aiendeshe, anaiba kwa kuwa kesho asubuhi kuna mtu wa kuinunua. Mnunuzi huyo akikosekana, wizi unapungua wenyewe. Sheria nayo iko wazi: kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinamtia hatiani anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Hayo maneno ya "sababu ya kuamini" ndiyo yanayombana mwenye duka. Kijana akikuletea Phoenix anayotaka nusu ya bei ya sokoni, hajui breki yake imefungwa waya lini, na macho yake yako barabarani muda wote, huwezi kuja kusema hukushtuka.

Lakini risiti anayo nani? Baiskeli nyingi zinazoletwa mjini kutoka Ubaruku, Chimala na Rujewa zilinunuliwa kwa hela ya mpunga, mkono kwa mkono, mashahidi wakiwa majirani. Zipo zilizokwisha kuuzwa mara nne. Na kitabu cha risiti kinauzwa duka lolote la vifaa vya shule: mwizi atajiandikia yake vizuri kwa kalamu ya bluu, mkulima wa Usangu atafika mikono mitupu. Tutakuwa tumemfungia mlango mwenye mali.

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Karibu kila dalili tunayoambiwa ni ya wizi, ni dalili ya umaskini pia. Rangi mpya ya kupuliza? Mwizi hupaka, na baba anayemrithisha mwanawe hupaka. Krenki ya Hero kwenye fremu ya Avon, rimu mbili zisizofanana? Fundi yeyote wa kijijini hufunga kilichopatikana. Kuuza kwa haraka na kwa bei ya chini? Muulize mzazi yeyote mwezi wa Januari. Anayekamata watu kwa dalili hizi atakamata maskini wengi kabla hajamgusa mwizi mmoja.

Dalili moja tu sijaweza kuitetea. Niliionea kwa fundi mmoja Mwanjelwa ambaye pia huweka bondi. Alikuja dada na baiskeli ya keria pana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unauza au unaweka?"

"Naweka. Mtoto anaripoti shule Jumatatu, sare bado."

Mzee hakuuliza risiti. Aliipindua, tandiko chini, akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa na kusugua chini ya fremu, pale ekseli ya pedali inapopita. Tope na grisi vilitoka, tarakimu za namba ya fremu zikajitokeza moja moja. Akazisoma kwa sauti, akaandika kwenye daftari pamoja na jina, simu na mtaa wa dada yule. Mchana alikuja kijana na nyingine. Mahali palepale chuma kilikuwa kimelainika, kina mikwaruzo ya upande mmoja chini ya rangi mbichi. Mzee alipitisha kidole gumba mara mbili. "Hii imepigwa tupa," akasema, akaisukuma nje.

Namba hufifia kwa kutu, hufunikwa na rangi, na watengenezaji wengine huigonga kwenye bomba la tandiko. Hayo yote yanaeleweka. Tupa haieleweki. Sioni sababu yoyote ya halali ya mtu kukaa chini na kusaga namba ya baiskeli yake mwenyewe.

Stika ya maandishi ya Kijapani kwenye mitumba isikudanganye. Ni alama ya usajili wa kuzuia wizi, ambao huko Japani ni wa lazima tangu 1994. Inakuambia ilikotoka, haikuambii nani aliilaza nje Sinde jana.

Feki nayo tusiichanganye na wizi, ingawa mkutanoni vilitajwa kwa pumzi moja. Kuna Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata bidhaa bandia. Aliyenunua baiskeli feki ametapeliwa, hakuiba, na akiiuza hana cha kuficha ila ujinga wa siku aliyonunua. Hatari yake iko mwilini. Jina kubwa linalokwanguka kwa ukucha na foku iliyochomelewa kama geti ni mambo ya kuyaona ukiwa dukani, usiyagundue kwenye mteremko wa Iwambi na gunia mbili za mkaa nyuma.

Kwa hiyo mimi nasimama na daftari la yule mzee. Namba ya fremu, jina, simu, na shahidi anayemjua muuzaji, awe mjumbe au jirani. Wenye maduka wanalalamika kwamba hiyo ni kazi ya polisi. Sikubaliani nao: wao ndio wanaoshika fremu nyingi kwa siku, na faida ni yao. Mwenye bondi ana nafuu zaidi, kwani anataka mteja arudi, na baiskeli inakaa pale mwenyewe anapoweza kuikuta. Nasi tuzijue namba zetu. Yule mama wa Soweto hakuwa na namba hata moja ya kuwaandikia polisi kati ya zile tatu.

Kinachonisumbua bado ni ile iliyosukumwa nje. Haikuenda kituoni. Nadhani ilifunguliwa siku ileile: magurudumu yakauzwa peke yake, friwili na cheni peke yake, na vipuri hivyo havina namba ya kusoma. Fremu iliyopigwa tupa mwisho wake ni kwenye mzani wa chuma chakavu, na wanunuzi wa chuma chakavu hakuna aliyewataja mkutanoni. Mkutano ujao nitanyoosha mkono niwataje.